Sura ya Tatu: Jino Lililomtangulia Mnyama

Machimbo ya Whiteman's Green, karibu na kijiji cha Cuckfield katika Sussex, kusini mwa Uingereza, yalikuwa ya mawe ya kutengenezea barabara. Vibarua waliokuwa wakivunja mawe hayo walizoea kukuta vipande vya mifupa ndani yake, na kuanzia mwaka 1820 hivi walijua pia kwamba katika mji wa Lewes kulikuwa na daktari anayevinunua. Daktari huyo aliitwa Gideon Mantell. Alikuwa mtoto wa fundi viatu, na kwa kuwa familia yake haikuwa ya madhehebu yaliyotawala, shule za wakubwa hazikumpokea. Mchana alizunguka kwa wagonjwa, na akina mama aliowazalisha walizidi 200 kwa mwaka. Usiku alikaa na patasi, akichokoa mifupa kutoka kwenye mawe hadi saa ambazo watu wengine walikuwa wanaamka.

Kati ya mifupa hiyo palikuwa na meno ambayo hakuweza kuyaweka popote. Vitabu vingi husimulia kwamba mkewe, Mary Ann, aliyaokota kando ya barabara huku akimsubiri mumewe aliyekuwa kwa mgonjwa. Mantell mwenyewe aliwahi kumpa mkewe sifa hiyo, kisha mwishoni mwa maisha yake akaandika kuwa aliyeyaokota ni yeye. Daftari zake zinaonyesha kwamba mifupa mikubwa ya Cuckfield ilikuwa imeanza kumfikia kabla ya siku inayotajwa katika hadithi hiyo. Mimi siioni haja ya kuing'ang'ania. Mchango wa Mary Ann ulio wazi hauhitaji hadithi: mwaka 1822 mumewe alipochapisha kitabu chake cha kwanza juu ya visukuku vya vilima vya South Downs, picha zake zaidi ya 40 zilichongwa kwa mkono wa mama huyo, aliyejifunza kazi hiyo kwa ajili ya kitabu hicho. Kila mwanazuoni wa Ulaya aliyetaka kujua kilichotoka Sussex alitazama kazi yake.

Tuliangalie jino lenyewe kwa karibu, maana kila kitu katika sura hii kilianzia hapo. Ni zito na la rangi ya kahawia iliyokolea. Kichwa chake ni kipana, mfano wa jani, na kingo zake zina vijino vidogo vidogo kama vya msumeno. Upande mmoja una matuta yanayoshuka kutoka juu hadi chini, na ndiko ngozi ngumu ya jino ilikojaa. Upande wa pili ngozi hiyo ni nyembamba, kwa hiyo jino lilipokula lilisagika upande mmoja zaidi ya mwingine na makali yake yakabaki. Baadhi ya meno aliyoyapata Mantell yalikuwa yamesagika mpaka juu pakawa bapa na laini. Mwenye jino hilo alikuwa akitafuna majani, na kuyatafuna sana.

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Mnyama anayetafuna hadi jino likasagika, kwa ujuzi wa siku zile, ni mnyonyeshaji kama ng'ombe, farasi au kifaru. Mamba, nyoka na mijusi hukamata, hukata na kumeza. Lakini mawe ya Cuckfield yalikuwa ya zamani mno, ya kipindi tunachokiita leo Kretasia, na hakuna aliyewahi kuona mnyonyeshaji mkubwa ndani ya mawe ya namna hiyo. Ama Mantell alikosea kusoma tabaka za mawe, ama jino lilidondoka kutoka tabaka changa la juu, ama aliwahi kuishi mtambaazi mkubwa mla majani aliyetafuna kama ng'ombe. Mantell aliegemea jibu la tatu, ambalo lilikuwa gumu kuliko yote.

Mwaka 1822 aliyapeleka meno yake mbele ya Chama cha Jiolojia cha London. Wakubwa waliokuwepo, William Buckland wa Oxford akiwa miongoni mwao, waliona ni meno ya samaki mkubwa au ya mnyonyeshaji wa tabaka changa. Ni William Hyde Wollaston peke yake, mkemia, aliyemwambia aendelee. Mwaka uliofuata rafiki yake kijana, Charles Lyell, alisafiri kwenda Paris na jino moja, akamwonyesha Georges Cuvier.

Inabidi kumweleza Cuvier kidogo, kwa sababu bila yeye msomaji hawezi kuelewa uzito wa jibu alilolitoa. Mwaka 1796 alikuwa amewaonyesha Wafaransa, kwa kulinganisha taya za tembo, kwamba mamothi hakuwa tembo wa Afrika wala wa Asia, na kwamba hayupo tena duniani. Kabla ya hapo watu wengi wenye elimu hawakukubali kwamba aina nzima ya mnyama inaweza kutoweka. Mwaka huohuo alimpa jina Megatherium, mnyama mkubwa wa Amerika Kusini ambaye mifupa yake ilikuwa Madrid. Akafuatisha Mastodon, akafuatisha mtambaazi mwenye mbawa aliyemwita Ptero-Dactyle. Njia yake ilikuwa moja: kila kiungo cha mnyama kimeungana na vingine kwa kazi, kwa hiyo anayejua viungo vya walio hai anaweza, kwa kipande kidogo cha mfu, kusema mengi juu ya mwili wake. Ulaya nzima ilimsikiliza. Na Cuvier, alipoliangalia jino la Mantell jioni ile ya Juni 1823, alisema ni jino la mbele la kifaru.

Mtu mwingine angeyafungia meno yale kabatini. Mantell aliendelea kukusanya, akapata yaliyosagika kidogo na yasiyosagika kabisa, akayapeleka Paris mara nyingine. Wakati huohuo hewa ilikuwa inabadilika. Tarehe 20 Februari 1824, katika mkutano mmoja wa Chama cha Jiolojia, Buckland alitangaza Megalosaurus, mtambaazi mkubwa mla nyama kutoka machimbo ya Stonesfield, na William Conybeare akaeleza mifupa kamili ya Plesiosaurus, mtambaazi wa baharini mwenye shingo ndefu. Plesiosaurus huyo alifukuliwa na Mary Anning wa Lyme Regis, mwanamke aliyeishi kwa kuuza visukuku na ambaye chama hicho hakikumruhusu hata kuingia mkutanoni. Jina lake halikutajwa. Nitarudi kwake katika sura inayofuata. Hapa inatosha kusema kwamba mnyama alikwenda kwenye kumbukumbu za sayansi kwa jina la aliyemwandika, na aliyemtoa kwenye mwamba akabaki nje ya mlango.

Juni 1824 Cuvier alimwandikia Mantell barua. Alikiri kwamba alikosea, na akauliza kama huyu si mnyama mpya, mtambaazi mla majani. Kisha akaliweka kosa lake katika chapa mpya ya kitabu chake kikuu, mbele ya macho ya kila msomaji. Kwa mtu wa cheo chake, hilo lilikuwa jambo kubwa, na namheshimu kwa hilo kuliko kwa mengi aliyoyapatia.

Mantell sasa alikuwa na ruhusa ya mkubwa, lakini hakuwa na mnyama hai wa kumlinganisha. Septemba mwaka huo alikwenda kwenye makumbusho ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari Wapasuaji, London, kulikokuwa na mkusanyiko wa mifupa na viungo wa John Hunter. Alitafuta droo baada ya droo za taya za watambaazi bila kuona kilichofanana. Ndipo msaidizi mmoja wa makumbusho, Samuel Stutchbury, alipomwambia kwamba majuzi alikuwa ametengeneza mwili wa iguana, mjusi wa upande wa Karibi. Anayemjua kenge wetu anaweza kumwazia iguana, ila kenge hula nyama na mayai, na iguana hula majani. Wakaweka jino kando ya jino. Umbo lilikuwa lilelile, pana kama jani, lenye kingo za msumeno. La Cuckfield lilikuwa kubwa mara 20.

Jina la kwanza alilofikiria Mantell lilikuwa Iguanasaurus. Conybeare alimwandikia kwamba jina hilo lingemfaa zaidi iguana mwenyewe, akapendekeza Iguanodon, yaani mwenye jino la iguana. Tarehe 10 Februari 1825 maelezo ya Mantell yalisomwa mbele ya Royal Society, na mnyama akaingia duniani kwa mara ya pili, safari hii akiwa na jina. Daktari wa Lewes, mwana wa fundi viatu, alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka huohuo.

Je, alikuwa anajua anachokipa jina? Kidogo sana. Alikuwa na meno na vipande vya mifupa ambavyo hakuwa na hakika navyo. Hakuwa na fuvu, wala mguu kamili, wala mkia. Urefu aliukadiria kwa hesabu rahisi: kama jino la iguana ni dogo kiasi hiki na mwili wake ni mrefu kiasi hiki, basi mwenye jino kubwa mara 20 atakuwa na mwili wa kiasi kile. Akapata futi 60, karibu mita 18, na baadaye wengine wakazidisha zaidi. Hesabu hiyo ilidai kwamba mnyama mkubwa ni mnyama mdogo aliyepanuliwa pande zote kwa kipimo kimoja, jambo ambalo si kweli hata kwa paka na simba.

Wako wanaosoma habari hizi leo wakawaona wataalamu wa karne ya 19 kama watu wa pupa, wanaotoa majina kwa vipande. Mimi naona kinyume. Jina lililochapishwa pamoja na picha na maelezo lilikuwa ahadi ya hadharani. Lilimwambia kila mwenye machimbo, kila daktari wa kijijini, kila mwanazuoni wa Berlin au Philadelphia: hiki ndicho ninachokidai, leteni mfupa utakaonithibitisha au utakaonipinga. Meno yasiyo na jina yangebaki droo ya mtu mmoja. Iguanodon lilikuwa dai ambalo lilichukua miaka zaidi ya 50 kulipwa, na walioanza kulilipa hawakuwa wasomi.

Februari 1834, katika machimbo ya William Bensted huko Maidstone, baruti ililipuliwa na mwamba ukapasuka, ukaonyesha mifupa mingi ya mnyama mmoja. Bensted aliwaagiza watu wake wakusanye kila kipande. Mantell alilitamani pande hilo la mawe kwa hali ya kuumiza, lakini bei ilimshinda, mpaka marafiki zake walipochanga pauni 25 na kumnunulia. Kwa mara ya kwanza mifupa ya miguu, mbavu na uti wa mgongo ilionekana pamoja. Kati ya mifupa aliyokuwa nayo Mantell palikuwa pia na mmoja wenye ncha, wa umbo la pia, ambao haukuwa na mahali. Mantell aliuweka puani, kama pembe ya kifaru. Kati ya makosa ya habari hii, hilo ni mojawapo ya yaliyodumu sana.

Wakati huo alikuwa amehamia Brighton, mji wa matajiri, akitumaini wagonjwa wa maana. Waliofika walikuja kuona mifupa. Nyumba yake ikageuka makumbusho, hakuweza kuwatoza wageni kwa moyo mweupe, na udaktari ukafa. Mwaka 1838 aliuza mkusanyiko wake kwa British Museum kwa pauni 4,000, na mwaka uliofuata Mary Ann akaondoka, hakurudi. Mwaka 1841 akapata ajali ya gari la farasi iliyoumiza uti wa mgongo wake, na maumivu hayakumwacha tena.

Mwaka uleule wa ajali, Richard Owen, mtaalamu wa anatomia aliyekuwa na kipaji kikubwa na huruma ndogo, alikuwa akiipitia mifupa yote ya watambaazi wa kale wa Uingereza. Aliona kwamba Megalosaurus, Iguanodon na Hylaeosaurus, huyu wa tatu akiwa pia amepewa jina na Mantell, walikuwa na alama moja: pingili tano za uti wa mgongo zilizoshikana kwenye nyonga, ishara ya mwili mzito uliobebwa juu ya miguu iliyonyooka chini yake. Mijusi haiko hivyo; miguu yao hutokeza pembeni. Mwaka 1842 alilichapisha jina la kundi hilo: Dinosauria. Aliupunguza pia urefu wa Iguanodon hadi futi 28, yaani mita 8 na nusu, kwa kuhesabu pingili badala ya kupanua mjusi. Mwaka huo ndio pia kamati ya Uingereza iliyoongozwa na Hugh Strickland ilipoandika kanuni za kutoa majina ya wanyama, na kanuni kuu ilikuwa kwamba jina la kwanza lililochapishwa ndilo linalodumu.

Owen mwenyewe alijua thamani ya dai la hadharani. Mwaka 1839, kwa kipande cha mfupa wa paja kisichozidi sentimita 15 kutoka New Zealand, alitangaza kwamba huko kuliishi ndege mkubwa kama mbuni. Miaka michache baadaye mifupa ya moa ilifika kwa masanduku na kumpa haki. Sehemu ya mifupa hiyo ilikusanywa na Walter, mtoto wa Mantell, aliyehamia nchi hiyo.

Kuhusu Iguanodon, kila mmoja wao alishika nusu ya ukweli. Owen alikuwa karibu zaidi na urefu, lakini alimwona mnyama mzito wa miguu minne kama kifaru mwenye magamba. Mantell, akiwa mgonjwa, aliendelea kutazama mifupa, na mwishoni mwa miaka ya 1840 akatambua kwamba miguu ya mbele ilikuwa myembamba kuliko ya nyuma, na kwamba pengine ilitumika kushika matawi. Alikuwa sahihi. Royal Society ilimpa medali mwaka 1849, Owen akipinga. Tarehe 10 Novemba 1852 alifariki baada ya kunywa kasumba nyingi ya kutuliza maumivu. Tanzia iliyochapishwa bila jina la mwandishi, na ambayo wengi huamini ni ya Owen, ilimdharau. Kipande cha uti wake uliopinda kikawekwa katika makumbusho ya Chuo cha Madaktari Wapasuaji, makumbusho yaleyale ambamo aliwahi kulinganisha jino la mawe na jino la iguana.

Umma uliletewa Iguanodon wa Owen. Mchongaji Benjamin Waterhouse Hawkins alimjenga kwa saruji, miguu minne, pembe puani, kwa ajili ya bustani ya Crystal Palace huko Sydenham iliyofunguliwa mwaka 1854. Usiku wa mwisho wa mwaka 1853 wageni 21 walikula chakula cha jioni ndani ya umbo lake, na magazeti yakaitangaza karamu hiyo. Miaka minne baada ya bustani kufunguliwa, Joseph Leidy wa Philadelphia akampa jina Hadrosaurus, jamaa wa Iguanodon aliyetoka New Jersey, ambaye miguu yake ya nyuma ilikuwa mirefu mno kuliko ya mbele. Sanamu za Sydenham zilianza kupitwa na wakati zikiwa bado mpya. Bado ziko palepale, na nadhani zinastahili kutunzwa, kwa sababu zinaonyesha kwa uaminifu mahali fikra ilipokuwa imefika.

Jibu lenyewe lilitoka chini ya ardhi ya Ubelgiji. Mwaka 1878, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Bernissart, mita 322 chini, wachimbaji waliacha ghafla kukuta makaa, wakaingia kwenye udongo wa mfinyanzi uliojaza shimo la kale. Ndani yake palikuwa na vitu vyeusi kama magogo, vyenye kumetameta ndani. Kumetameta huko kulikuwa kwa pairiti, madini ya chuma na salfa, na magogo hayo yalikuwa mifupa. Meno yalipopelekwa kwa mwanazuoni Pierre-Joseph van Beneden, alilitambua jina mara moja. Kazi ya Mantell ya 1825 ndiyo iliyomwezesha.

Mifupa hiyo ilianza kubomoka ilipokutana na hewa, kwa sababu pairiti hupasuka ikipata unyevu. Louis De Pauw, fundi wa makumbusho ya Brussels, aliishi na wachimbaji chini ya mgodi, akabuni utaratibu ambao wafukuaji wanautambua hadi leo. Kila mnyama alichorwa alivyolala kabla ya kuguswa. Udongo ulikatwa kwa vipande, kila kipande kikafunikwa karatasi iliyoloweshwa, kikavishwa plasta, kikapewa namba inayolingana na mchoro. Agosti 1878 tetemeko la ardhi likaharibu njia, maji yakafurika, na kazi ikasimama hadi mwaka uliofuata. Mwishowe vilipandishwa vipande kama 600, tani 130 hivi za udongo, mifupa na plasta, na ndani yake wanyama zaidi ya 30, wengi wakiwa kamili kutoka pua hadi mkia. Miaka 53 baada ya jina, mwili ulikuwa umefika.

Kijana Louis Dollo alikabidhiwa mifupa hiyo mwaka 1882 na akaitumikia kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Ilikuwa imeunganika bado, kwa hiyo ule mfupa wa umbo la pia ukaonekana mahali pake hasa: ulikuwa kidole gumba. Kila mkono ulikuwa nao. Dollo alimsimamisha mnyama kwa miguu miwili, mwenye urefu wa mita 10 hivi, akiegemea mkia kama kangaruu. Ili kumsimamisha hivyo ilibidi mkia upindwe mahali ambapo kano zake zilizogeuka mfupa zingeufanya unyooke. Kosa hilo lilisubiri hadi mwaka 1980, David Norman alipoonyesha kwamba mgongo ulilala sambamba na ardhi, na kwamba mnyama mzima mara nyingi alitembea kwa miguu yote minne. Jamaa yake mdogo, Dysalotosaurus, alifukuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, mwanzoni mwa karne ya 20, na sura ya tisa ni yake.

Jina lilibaki na tatizo moja la kisheria. Chini ya kanuni zilizotokana na zile za Strickland, kila jina hutegemea kielelezo, na Iguanodon lilitegemea meno ambayo, kwa ujuzi wa sasa, yangeweza kuwa ya aina zaidi ya moja. Mwaka 2000 tume ya kimataifa ya majina ya wanyama iliamua kuliondoa jina hilo kwenye meno ya Sussex na kuliegemeza juu ya mifupa ya Bernissart. Baada ya hapo wanyama wengi wa Uingereza waliowahi kuitwa Iguanodon walianza kutenganishwa na kupewa majina yao wenyewe. Mmoja wao, mwembamba zaidi, aliyetoka kisiwa cha Wight, alipewa jina na Gregory Paul mwaka 2007: Mantellisaurus. Mifupa yake imesimamishwa katika makumbusho ya historia ya viumbe London, jumba ambalo Owen alilipigania kwa miaka mingi na kulifungua mwaka 1881.